Kikoi, saruni, kilti au sketi ya kushona: mwanamume wa pwani achague lipi?

Mpwa wangu alishuka gatini Lamu mwezi wa Januari, adhuhuri, amevaa sketi. Ilikuwa nyeusi, ya pamba nzito, imeshonwa vizuri, ina zipu mbele na mifuko miwili mikubwa ubavuni, na ilimfika chini kidogo ya magoti. Tulipopita Mkunguni, wazee waliokaa kivulini mbele ya ngome waliitikia salamu yake, kisha wakanyamaza. Mmoja wao, aliyetulea mimi na mama yake, akamwita.

"Mjukuu wangu, hiyo uliyovaa ni nini?"

"Ni sketi ya kiume, babu."

"Kwani vikoi vimekwisha dukani kwa mjomba wako?"

"Havijakwisha, babu. Ila kikoi hakina mfuko, na mwaka jana nilipanda pikipiki kule Mokowe, upande wa bara, nimekivaa, kikanifunguka njiani mbele za watu."

Mzee alifikiri kidogo. "Pikipiki hazikuwako tulipoanza kuvaa vikoi," akasema, akamruhusu aende akapumzike.

Tangu siku ile nimelisikia swali hilo dukani kwangu, Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kwa sauti nyingi. Yuko kijana anayeoa, yuko mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka bara akachoshwa na suruali ya poliesta, yuko mgeni anayetaka kuvaa kama wenyeji bila kuwaudhi, na yuko baharia anayelalamika kwamba matamvua yananasa kwenye misumari ya mashua. Wote wanataka vazi la chini lisilo na miguu miwili, ila hawajui lipi. Mimi nimeyavaa manne, mengine kwa miaka mingi, moja kwa jioni moja tu, na nitayaeleza yote kwa vipimo vile vile.

Kwanza tuondoe hofu

Wanaume wengi wanaoniuliza huanza kwa kushusha sauti, kana kwamba wanaomba kitu cha aibu. Hakuna aibu. Mwaka 1331 msafiri Mmoroko Ibn Battuta alipofika Mogadishu, watu wa Sultani walimletea mavazi ya heshima. Katika hayo mlikuwamo kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni mahali pa suruali, kwa sababu, anavyoeleza, watu wa huko suruali hawakuijua. Hilo ndilo vazi alilopewa mwanachuoni mgeni ili aende msikitini siku ya Ijumaa. Karne zilizofuata, nguo za hariri na pamba za Pate, kisiwa jirani yetu, zilisifika hadi kwa Wareno.

Na atakayesema kwamba uanaume umo kwenye suruali, namkumbusha ihramu. Mwanamume anapohirimia hija au umra huvua suruali yake, akajifunga shuka isiyoshonwa kiunoni na nyingine akaitupia mabegani. Katika hali ile ya utukufu, suruali ndiyo inayokatazwa.

Kwa hiyo tunachochagua hapa ni kitambaa, mshono na mahali pa kuvalia. Suruali sikuiingiza, anayeitaka anajua inakouzwa.

Vipimo nilivyotumia

Kipimo cha kwanza ni hewa, yaani vazi linavyopitisha upepo wakati wa joto la kaskazi, Desemba hadi Machi. Cha pili ni kukaa kiunoni, hasa kusi inapovuma kwa nguvu kuanzia Juni. Cha tatu ni kazi na mwendo: ngazi za nyumba zetu zilizosimama wima, gati lenye utelezi maji yakitoka, punda, mashua, pikipiki upande wa bara. Cha nne ni stara na heshima, msikitini, harusini na ofisini. Cha tano ni matunzo na gharama. Mwisho wa kila vazi nitasema ninavyoona humfaa nani.

Wewe unaweza kuvipanga kwa uzito mwingine. Mtu wa Nairobi ataanza na cha nne, mvuvi wa Kipungani ataanza na cha tatu.

Kikoi

Kikoi ni kitambaa cha pamba kilichofumwa, upana wake kama mita 1, urefu mita 1.6 au zaidi kidogo, chenye mistari ya rangi pembeni na matamvua kwenye ncha mbili. Hakina mshono hata mmoja, ndiyo maana namna ya kukifunga ndiyo kila kitu.

Simama miguu imeachana kidogo, kwa sababu nafasi unayojiachia sasa ndiyo hatua utakayopiga baadaye. Kipitishe nyuma ya kiuno, shika pembe mbili za juu mbele yako, uzilinganishe. Peleka pembe ya kulia hadi nyonga ya kushoto, uishikilie kwa kidole gumba. Lete ya kushoto juu yake, uvute huku umelivuta tumbo ndani. Ukiliachia, kikoi kinajikaza chenyewe. Kisha kunja ukingo wa juu kuelekea nje na chini, mara mbili au tatu, ukiubana kila mara. Msokoto ule ndio mshipi wako.

Ndani ya msokoto huo ndimo kilimo kibindo. Kila wiki magazeti huandika kwamba timu fulani imetia pointi tatu kibindoni. Anayeandika na anayesoma huenda wote wamevaa suruali, lakini neno ni la mwanamume aliyejifunga nguo kiunoni akaficha fedha zake kwenye pindo. Mwanamke naye ana neno lake, kibwebwe, leso iliyokazwa kiunoni kwa kazi au kwa ngoma. Kikoi na leso ni vitambaa viwili vya mstatili, vinakaribiana ukubwa, na dukani kwangu vimetundikwa ukuta mmoja. Sijawahi kumwona mtu wa Lamu akikosea kipi ni cha nani. Rangi, mistari, namna ya kufunga na mazoea ya mji ndivyo vinavyosema hili ni vazi la kiume. Miguu miwili ya suruali haijawahi kuhitajika kusema hivyo, na hili ndilo ninalotaka kijana anayeona haya alibebe kutoka dukani pamoja na kitambaa chake.

*Hewa.* Hakuna kinachokishinda. Pamba ni nyepesi, chini ni wazi, na mbele vitambaa vinapopishana hujifungua kidogo kwa kila hatua upepo ukaingia.

*Kukaa kiunoni.* Aliyekizoea hukivaa siku nzima akakigusa mara mbili au tatu tu. Asiyekizoea atakishika kwa mkono mmoja kuanzia hapa hadi kijiji cha Shela. Upepo wa kusi ukikupiga kwa mbele kwenye ufuko hupekua ule upande wa juu, kwa hiyo vaa kaptula ndani. Mabaharia wetu wengi huvaa, na si jambo la kuonea haya.

*Kazi na mwendo.* Hapa kikoi kina siri ambayo vazi lililoshonwa halina. Ukitaka kusukuma mashua au kupanda mnazi, unapiga ubinda: unaokota upindo wa chini, unaupitisha kati ya miguu na kuufutika nyuma kiunoni. Kwa sekunde tano una kaptula. Kazi ikiisha unaachia, unakung'uta mchanga, unaingia mjini umestirika hadi vifundoni. Ni pikipiki ndiyo inayokishinda, kama mpwa wangu alivyojionea. Ukipanua miguu juu ya kiti, msokoto hulegea, na upepo humalizia.

*Stara na heshima.* Mjini Lamu mwanamume mwenye kikoi na shati safi anaingia popote: barazani, sokoni, msikitini, kwenye maziko. Kikoi cheupe chenye ukingo wa rangi moja kikivaliwa chini ya kanzu, na kofia ya vito kichwani, hapo humkosi mtu katika Maulidi. Kwenye sujudu na katika kikao cha tahiyatu pa kuangalia ni pale mbele vitambaa vinapopishana, visije vikaachana juu ya goti. Funga kwa kupishanisha zaidi ukijua unakwenda kusali.

Ukitoka kisiwani mambo hubadilika. Mimi mwenyewe nilirudishwa mlangoni kwa ofisi moja ya umma, nikiwa na kikoi kilichopigwa pasi na shati la mikono mirefu, nikaambiwa nirudi nikiwa nimevaa nguo. Nilikuwa nimevaa nguo. Neno lile bado linaniuma, kwa sababu aliyelisema alikuwa mtu wa pwani kama mimi. Lakini ulinganisho huu haumsaidii msomaji nikificha kwamba milango ya aina ile ipo.

*Matunzo na gharama.* Ndicho cha bei ya chini kuliko vyote vinne. Mara ya kwanza kiloweke peke yake, maana rangi huchuja, hasa nyekundu na buluu iliyoiva. Angalia vifundo vya matamvua, kimoja kikifunguka kifunge siku hiyo hiyo kabla uzi haujaanza kukimbia. Kadiri unavyokifua ndivyo kinavyolainika. Kikichakaa huwa taulo, kisha shuka ya mtoto, kisha kitambaa cha kufutia.

*Humfaa nani.* Mkaa kisiwani, mtembea kwa miguu, mtu wa bahari, na mgeni aliye tayari kujifunza kufunga kwa siku mbili tatu bila kukata tamaa.

Saruni

Wengine huiita msuli, hasa ndugu zetu wa Unguja. Ni kitambaa kile kile kwa umbo, ila ncha zake mbili zimeunganishwa kwa mshono mmoja, kikawa kama gunia lisilo na kitako. Mara nyingi huwa na miraba. Imetufikia kwa njia za baharini, na jamaa zake wamejaa pwani yote ya Bahari ya Hindi: lungi India na Bangladesh, longyi Myanmar, macawiis kwa Wasomali, saruni yenyewe Indonesia. Unaingia ndani yake kwa miguu, unaivuta hadi juu ya kitovu, unakunja nafasi iliyozidi pande mbili zikutane mbele, kisha unasokota ukingo kama wa kikoi.

*Hewa.* Nzuri, ingawa chini ya kikoi kidogo, kwa sababu haina mpasuko wa kupitisha upepo. Za pamba ndizo za kununua. Za mchanganyiko wa poliesta zinang'aa dukani na kukuunguza barazani.

*Kukaa kiunoni.* Msokoto wake hulegea kama wa kikoi, lakini ukilegea unachopoteza ni urefu tu: saruni itashuka, haitafunguka. Hiyo ndiyo sababu watu wengi hulala nayo.

*Kazi na mwendo.* Kwa kukaa na kutembea taratibu haina tatizo. Kwa kuruka kutoka mashua hadi gatini inabana hatua, na ubinda wake huwa mzito kwa kuwa vitambaa vinakutana viwili viwili. Kwenye pikipiki utaikunja hadi mapajani, na hapo stara imekwenda.

*Stara na heshima.* Katika sala ni bora kuliko kikoi, nalisema hili bila kusita, kwa sababu hakuna ufa wa kufunguka ukirukuu wala ukisujudu. Barabarani mjini watu wengine huiona ni nguo ya nyumbani. Mzee akivaa saruni kwenda sokoni hakuna atakayemtazama. Kijana akienda nayo kuposa, wakwe watamuuliza kama ametoka kulala.

*Matunzo na gharama.* Karibu sawa na kikoi. Mshono ukifumuka fundi yeyote ataurudisha ukiwa umesimama hapo hapo.

*Humfaa nani.* Wa nyumbani, mwenye kwenda msikitini mara tano, mgonjwa aliyetoka kupasuliwa tumbo au mtoto aliyetahiriwa, ambao ukanda wa suruali ni adhabu kwao. Pia mgeni asiyeamini mikono yake bado.

Kilti

Nimeivaa jioni moja, Shela, kwa hisani ya mgeni Mskoti aliyekuja kumwoza binti yake. Alikuwa na mbili, nami nilikuwa nimemfundisha kufunga kikoi, akaona alipe deni.

Kilti ya kweli ni ya sufu yenye miraba ya ukoo au eneo. Huchukua kitambaa cha kama mita 7, kwa sababu nyuma yote ni marinda yaliyoshonwa kwa mkono, na mbele vipande viwili bapa vinapishana na kufungwa kwa bizimu za mikanda ya ngozi. Wanaume wa milima ya Uskoti walianza na shuka kubwa ya kujifunga mwili mzima katika karne ya 16, na hii ndogo tuijuayo ikatokea mwanzoni mwa karne ya 18. Serikali ya Uingereza iliipiga marufuku kwa sheria ya mwaka 1746, baada ya kushindwa kwa waasi huko Culloden, na marufuku hiyo ikaondolewa mwaka 1782. Miaka 40 baadaye, mwaka 1822, Mfalme George IV alipozuru Edinburgh aliivaa mwenyewe. Mgeni wangu alinisimulia hayo huku akinifunga bizimu, na niliona kwamba anaongea kuhusu nguo yake kama babu zangu walivyoongea kuhusu kanzu zao.

*Hewa.* Chini inapita, kiunoni haipiti. Marinda yale mazito yananing'inia nyuma kama godoro dogo. Ilikuwa Februari, usiku, na jasho lilinitiririka mgongoni kabla ya chakula. Katika baridi ya kwao bila shaka ni rehema.

*Kukaa kiunoni.* Ya kwanza kwa mbali. Bizimu zinashika, uzito unaivuta chini, upepo wa bahari uliipepesa kidogo tu.

*Kazi na mwendo.* Marinda hufunguka ukipiga hatua na kurudi ukisimama. Nilipanda ngazi za paa la nyumba ile mbili mbili. Mfuko haina, ndiyo maana huvaliwa na kijaluba cha ngozi kinachoning'inia mbele. Maji ya chumvi ni adui yake.

*Stara na heshima.* Huishia kwenye goti. Kwao huo ndio urefu wa heshima, harusini na mazikoni. Kwetu, mwenye kufuata kwamba stara ya mwanamume ni kutoka kitovuni hadi magotini atapata taabu kila akikaa. Baraza zetu ni za chini na mtu hukaa kwa kukunja miguu, na kilti haikukatwa kwa kikao hicho.

*Matunzo na gharama.* Ghali kuliko zote, na hufuliwa na fundi wa nguo za sufu, si kwenye beseni. Lakini hudumu, ile niliyovaa ilikuwa ya baba yake.

*Humfaa nani.* Mwenye asili ya huko, mwenye safari ya nchi za baridi, mpiga zumari wa bendi. Na mwenyeji wa Lamu aliyealikwa na rafiki wa kweli, kwa jioni moja yenye upepo.

Sketi ya kushona

Hii ndiyo ya mpwa wangu. Ni sketi iliyokatwa kwa mwili wa mwanamume: kiuno kilichonyooka, vitanzi vya mshipi, zipu au vifungo, mifuko yenye kina. Wabunifu wa Ulaya wameionyesha kwa miaka sasa. Jean Paul Gaultier wa Paris aliiingiza kwenye mkusanyo wake wa mwaka 1985, na mwaka 2003 jumba la makumbusho la Metropolitan huko New York likaandaa maonyesho mazima kuhusu wanaume na sketi. Lakini hadithi zinazonigusa mimi ni za wafanyakazi. Mwaka 2013 madereva wa treni mjini Stockholm walivaa sketi kazini kwa sababu joto lilizidi na kaptula zilikuwa zimekatazwa. Mwaka 2017 madereva wa mabasi wa Nantes, Ufaransa, walifanya vivyo hivyo. Hawakutafuta mitindo, walitafuta hewa, kama sisi.

Na asidhani mtu kwamba sketi iliyoshonwa haiwezi kuwa vazi la kazi rasmi la mwanamume. Fiji wana sulu, iliyokatwa na fundi, yenye mifuko, inayovaliwa na koti na tai ofisini. Polisi wao huivaa nyeupe, upindo wake umekatwa kama meno ya msumeno.

*Hewa.* Inategemea kitambaa. Ya kitani au pamba nyepesi inakaribia kikoi. Ya jinzi au khaki nzito, kama ya mpwa wangu, ni afadhali kuliko suruali lakini kiunoni ina joto lile lile.

*Kukaa kiunoni.* Kama kilti, imetulia. Sketi pana sana hupeperushwa na kusi, iliyonyooka haipeperuki.

*Kazi na mwendo.* Mifuko, mifuko, mifuko. Simu, funguo, kitambulisho, vyote mahali pake, na mikono yote miwili iko huru. Kwenye pikipiki inategemea upana: nyembamba itapanda juu, pana yenye mpasuko wa vifungo itakaa vizuri.

*Stara na heshima.* Hapa niseme wazi, maana kijana anastahili kuambiwa ukweli kabla hajalipa fedha zake. Lamu watu watakutazama. Wengine watauliza kwa upole kama yule mzee, wengine watakusema vibaya nyuma yako, na utasikia hoja ya kujifananisha na wanawake. Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Dini yetu inakataza mwanamume kujifananisha na mwanamke kwa mavazi. Lakini wanavyuoni wengi, wakitaka kujua lipi ni la kike na lipi ni la kiume, huangalia ada ya mahali, na ada ya mahali hapa imewavisha wanaume nguo ya duara karne kwa karne. Ya rangi moja, iliyonyooka, inayopita magoti, isiyo na nakshi za kike, ina nafasi kubwa ya kueleweka kuliko fupi ya marinda. Mwenye shaka amuulize maalimu wake ana kwa ana. Nairobi, katika kazi za ubunifu, utaivaa kwa amani kiasi. Kwenye matatu usiku ningekuomba uwe na mwenzako.

Na lipo jambo moja zaidi, nalisema kama mjomba. Sketi ya kijana haikuambii anampenda nani wala anasali vipi. Anayetaka kujua hali ya mpwa wake amkaribishe chai.

*Matunzo na gharama.* Ya kuagiza kutoka nje ni ghali na mara nyingi haikutoshi nyonga. Fundi cherehani wa hapa ataishona kwa siku mbili ukimpelekea kitambaa na mchoro. Hufuliwa kama suruali.

*Humfaa nani.* Mfanyakazi anayetembea na vitu vingi, mpanda pikipiki, kijana wa mjini mwenye kifua cha kustahimili maswali, na mtu ambaye mikono yake, kwa ugonjwa au uzee, haiwezi tena kusokota kikoi.

Kwa hali yako

Kama unaishi kisiwani na huna safari za bara mara kwa mara, anza na vikoi viwili, kimoja cha kazi na kimoja cheupe cha Ijumaa. Utaongeza saruni moja ya kulalia na ya sala ya alfajiri, na kwa mwaka mzima hutahitaji kingine.

Kama ni mgeni unayekaa wiki moja, nunua saruni kwanza, ujifunze kikoi ukiwa ndani ya nyumba. Usikivae kikoi kifua wazi mjini. Ufukweni sawa, Usita wa Mui hapana. Na usijifunge leso ukidhani ni kikoi. Muuzaji yeyote atakuonyesha tofauti ukimuuliza.

Kama unaoa hapa, kikoi kipya chini ya kanzu. Kama unaoa na familia ya upande wa pili wanatoka Uskoti, zungumzeni mapema: bwana harusi na kikoi, mkwe na kilti, picha itakuwa nzuri na kila mtu atakuwa amevaa cha kwao.

Kama kazi yako inakuvusha Mokowe kila siku kwa pikipiki, au unabeba simu mbili na daftari la risiti, sketi ya kushona ina hoja yenye nguvu. Kama ofisi yako haikubali, usiingie vitani peke yako siku ya kwanza. Vaa suruali kazini, ubadilishe ukishuka gatini, huku ukiuliza kwa maandishi kanuni inasemaje hasa. Mara nyingi kanuni inasema "nadhifu" tu, na kikoi kilichopigwa pasi ni nadhifu.

Kama huwezi kuchagua kati ya kikoi na sketi, ipo njia ambayo mpwa wangu ameishika sasa. Tulichagua vikoi viwili vizito vya rangi ya majivu, vyenye ukingo mweupe, tukampelekea fundi wangu. Aliviunganisha ubavuni, akatia kiuno cha kitambaa chenye lastiki nyuma tu na kamba mbele, na mifuko miwili iliyofichwa ndani ya mshono. Matamvua aliyaacha yaonekane kwenye upande mmoja wa mbele. Ukitaka yako, mwambie fundi mambo matatu: aache mpasuko wa mbele uanzie chini ya goti usije ukafungua stara, apunguze urefu hadi vidole viwili juu ya kifundo ili isiburute kwenye ngazi za gati, na akupime ukiwa umekaa, si umesimama tu.